Hiyo herufi s: vile kompyuta ilijifunza kukopesha mamlaka bila kupeana paswadi

Wasee, kama uko na kompyuta yenye Linux hapo karibu, fungua ile sehemu nyeusi ya kuandika amri, uandike ls -l /usr/bin/passwd. Utaona mstari unaoanza hivi: -rwsr-xr-x. Usikimbie, si hesabu. Hizo herufi zinasema tu nani anaruhusiwa kusoma faili (r), nani anaruhusiwa kuiandika (w), na nani anaweza kuiendesha kama programu (x). Sasa angalia herufi ya nne. Hapo ungetarajia x. Kuna s.

Hiyo s ina zaidi ya miaka 50. Inasema hivi: yeyote atakayeendesha programu hii, hata kama ni mgeni wa juzi asiye na cheo, programu itafanya kazi kana kwamba ni mwenye faili ndiye ameiendesha. Na mwenye faili hapa ni root, yule mtumiaji mkuu ambaye kwenye mashine hakuna mlango unaomzuia. Utaulizwa paswadi yako ya sasa, lakini ya root huulizwi. Hata huijui. Na bado kwa hizo sekunde chache uko na nguvu zake, ila kwa kazi moja tu: kubadilisha paswadi yako mwenyewe.

Nilisomea mambo ya kompyuta chuoni kabla niache, na hii kitu tulifunzwa kama namba ya kukariri. chmod 4755, weka kwa mtihani, songa mbele. Hakuna aliyetuambia ilitoka wapi. Na vile ilitoka kwa gemu, mimi naona wangetuambia darasa zima lingeamka.

Kwanza turudi nyuma kidogo ya gemu. Mwaka 1961 pale MIT, Marekani, timu ya Fernando Corbató ilionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta wakati huo ilikuwa mashine moja kubwa ya bei ya kutisha, na wazo lao lilikuwa watu wengi waitumie kwa pamoja, kila mtu na faili zake na saa zake alizogawiwa. Ili wasiingiliane, kila mtu alipewa paswadi. Haikuchukua muda. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa uzamifu, Allan Scherr, aliona saa alizopewa hazimtoshi kwa utafiti wake. Akafanya nini? Aliandikia mashine ombi kwenye kadi ya kutobolewa: nichapishie faili hii. Faili yenyewe ilikuwa orodha ya paswadi za watu wote. Mashine ikachapisha. Akaenda akaichukua kwenye karatasi kama mtu anayechukua risiti.

Halafu mwaka 1966 ikawa mbaya zaidi. Wasimamizi wawili walikuwa wanahariri faili mbili tofauti wakati mmoja, mmoja salamu za siku zinazoonyeshwa kila mtu akiingia, mwingine orodha ya paswadi. Programu ya kuhariri ilikuwa inatumia jina moja tu la faili ya muda kwa kila anayehariri, kwa hivyo faili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwa mfumo akasalimiwa na paswadi za wenzake wote. Manze.

Nazitaja hizi kwa sababu zinaonyesha paswadi ni kitu cha aina gani. Ni ufunguo wa nyumba nzima. Aliye nao anaingia jikoni, chumbani, na kwenye sanduku la hati za shamba. Hakuna paswadi ya jikoni peke yake.

Sasa gemu. Bell Labs walikuwa wameshirikiana na MIT kujenga mfumo mkubwa ulioitwa Multics, wakajitoa mwaka 1969, na wahandisi wao wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaanza kujenga kitu chao kidogo kilichokuja kuitwa Unix. Wakati huo kulikuwa na gemu iliyoitwa Moo. Mashine inafikiria namba ya tarakimu nne, wewe unakisia, nayo inakuambia ni tarakimu ngapi umepata na ziko mahali pake, na ngapi umepata lakini ziko mahali pengine. Ukicheza vizuri, alama zako zinawekwa kwenye faili ya washindi.

Na hapo ndipo shida ilikuwa. Mwaka 1971 kuna mwandishi aliyejiita Aleph-Null, kwenye jarida moja la wataalamu wa programu, aliiweka kama fumbo. Faili ya alama iwe ya nani? Ukiruhusu kila mchezaji aiandike, mjanja hatacheza hata dakika moja, ataifungua ajiandikie alama za juu aende zake. Ukikataza wachezaji wasiiandike, gemu nayo haiwezi kurekodi chochote, kwa sababu gemu inapoendeshwa na wewe inakuwa na ruhusa zako, si zaidi. Fikiria kibanda cha PlayStation mtaani chenye ubao wa washindi. Chaki ukiiacha wazi, kila mtu ni bingwa. Ukiificha, hakuna anayeandikwa. Unataka ubao ambao ni gemu yenyewe tu inaweza kuuandika, haijalishi ni nani ameshika padi.

Jibu la Ritchie lilikuwa hiyo s, inayoitwa setuid. Kila faili tayari ina mwenyewe. Basi mwenye gemu anaweka alama moja ndogo kwenye programu yake, alama ya kusema: anayeiendesha, na aiendeshe kwa jina langu. Faili ya alama inabaki yangu, hakuna mwingine anaigusa, lakini gemu yangu ikiwa mikononi mwako inaweza kuigusa. Wewe hupati paswadi yangu. Unapata kazi moja niliyoiandika mimi, inayofanya nilichoamua mimi, halafu ikiisha nguvu zinaisha nayo. Makala ya Ritchie na Thompson ya mwaka 1974 kuhusu Unix inasema waziwazi kwamba njia hii inatatua lile fumbo la Moo kirahisi. Na kitu kizuri, haikuwa ya wakubwa peke yao. Mtumiaji yeyote angeweza kuiweka kwenye programu yake bila kuomba ruhusa ofisini.

Bell Labs waliona ni wazo la maana wakaliombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, tarehe 9 Julai 1973. Ikatolewa tarehe 16 Januari 1979, namba 4,135,240, kwa jina la Ritchie. Enzi hiyo kupata hataza ya programu ilikuwa taabu, kwa hivyo ndani ya karatasi wazo limechorwa kama saketi za umeme, kana kwamba ni kifaa cha kushika kwa mkono. Baadaye haki hiyo ikaachiwa umma. Ndiyo maana leo iko kila mahali na hakuna anayemlipa mtu.

Lakini kuna sehemu moja ya huo uvumbuzi ambayo watu huipita haraka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Programu ya setuid ikiwa inaendeshwa, mfumo unashika majina mawili. Kuna jina la yule ambaye nguvu zake zinatumika, na kuna jina la yule aliyebonyeza. Yote mawili, kwa wakati mmoja. Kompyuta inajua kazi inafanywa kwa mamlaka ya root, na inajua pia aliyeifanya ni wewe, Otieno wa chumba cha nyuma. Kukopa nguvu hakufuti jina lako.

Sasa linganisha na vile sisi tunaishi. Kenya tunapeana paswadi vile majirani huazimana chumvi. Unaenda saiba kuomba cheti kwa eCitizen, jamaa anakuuliza paswadi, unaitaja kwa sauti huku watu watatu wamepanga foleni nyuma yako, naye anaiandika kwa daftari ili ukirudi akusaidie haraka. Shosho hajui kusoma ujumbe wa M-Pesa vizuri, anampa mjukuu PIN. Alitaka anunuliwe tokeni za stima za mia mbili. Amepeana akaunti nzima. Si ujinga wa shosho. Shosho anahitaji mtu amfanyie kazi moja, na kitu pekee alicho nacho mkononi ni ufunguo wa nyumba nzima.

Mimi mwenyewe nimeona hii. Kuna ukurasa fulani wa vichekesho tulikuwa tunauendesha watu watatu, paswadi moja, sote tunaijua. Asubuhi moja tukaamka tukakuta video za miezi minne zimefutwa. Nani? Ukurasa unasema zimefutwa na ukurasa. Mpaka leo hatujui, na urafiki haukupona. Hakuna aliyekiri, na hakukuwa na mahali popote palipoandikwa jina la aliyebonyeza.

Wasimamizi wa Unix walipitia yayo hayo. Kulikuwa na amri inayoitwa su, iko kwenye mwongozo wa kwanza kabisa wa Unix wa Novemba 1971. Unaandika su, unataja paswadi ya root, unakuwa root. Shida ni kwamba kila anayehitaji nguvu hata kidogo lazima aambiwe hiyo paswadi. Kwenye chuo kikuu, ambako wanafunzi wanaosaidia kwa maabara wanakuja na kuondoka kila mwaka, unajua vile itaishia. Mmoja akitoka, ubadilishe paswadi na uwaambie wote upya. Kitu kikiharibika, aliyekiharibu ni root. Na root ni sote.

Karibu mwaka 1980, kwenye idara ya kompyuta ya chuo kikuu cha jimbo la New York pale Buffalo, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika programu ndogo kwenye mashine ya VAX-11/750. Wakaiita sudo. Yenyewe inabebwa na ileile s: inamilikiwa na root, na yeyote akiiita inaamka na nguvu za root. Lakini kabla ifanye chochote inafungua orodha na kuangalia: huyu ni nani, na ameruhusiwa amri gani? Unaweza kuruhusiwa kuwasha printa upya na usiruhusiwe kitu kingine. Unaweza kuruhusiwa kufanya kazi kwa jina la mtumiaji mwingine wa kawaida, si lazima root. Na paswadi inayokuuliza ni yako wewe, kuthibitisha tu kwamba uliyekaa kwenye kiti bado ni wewe. Msimamizi akitaka hata hiyo anaweza kuiondoa. Halafu inaandika: fulani, saa fulani, aliendesha amri fulani kwa jina la fulani.

Mnajua ile katuni ya mtandaoni ya jamaa anayeagiza sandwichi, anakataliwa, anaongeza neno sudo mbele, anatengenezewa? Inachekesha, lakini imefanya watu waamini sudo ni neno la uchawi la kulazimisha mambo. Ni kinyume chake. Mwenye paswadi ya root ndiye analazimisha mambo. Wa sudo ameandikwa kwa daftari, na akijaribu kitu asichoruhusiwa, hilo jaribio pia linaandikwa.

Desemba 1985 toleo lililoboreshwa likatumwa kwenye Usenet, watu wakalichukua, likapita mikono mingi, na tangu miaka ya 1990 limetunzwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Todd Miller. Mwaka 2004 Ubuntu ilipotoka mara ya kwanza, ilifunga kabisa mlango wa root kuingia kwa paswadi. Ukitaka nguvu, sudo, kwa jina lako.

Bei yake ni nini? Bei ni kwamba hiyo programu uliyoiwekea s lazima iwe mwaminifu kuliko wewe. Ikiwa na kasoro, kila mgeni ana njia ya kuwa root.

Stori ninayoipenda hapa ni ya mwaka 1986, maabara ya Lawrence Berkeley, California. Mnajimu mmoja, Clifford Stoll, aliambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zinatofautiana kwa senti 75. Senti, jameni. Alipofuata hizo senti akamkuta mtu asiyejulikana ndani ya mashine. Jamaa aliingiaje? Kulikuwa na programu ndogo iliyokuja na Emacs, jina lake movemail, kazi yake kuhamisha barua kutoka sanduku la mfumo hadi kwenye folda yako. Pale Berkeley ilikuwa imewekwa na nguvu za root. Na haikuwa inaangalia unahamisha nini wala unapeleka wapi. Mdukuzi akaitumia kuhamisha programu yake mwenyewe hadi mahali pa programu halali ambayo mfumo huiendesha kila dakika tano. Dakika tano zikifika, mfumo wenyewe ukaiendesha, kwa nguvu zote, ukidhani ni yake. Kama yule ndege anayetaga yai lake kwenye kiota cha mwenzake, mama wa kiota analilalia bila kujua. Stoll alimfuata karibu mwaka mzima, hadi Hannover, Ujerumani. Alikuwa Markus Hess, na habari walizoiba zilikuwa zinauzwa kwa KGB. Yote kupitia programu ya kuhamisha barua.

Usidhani ni mambo ya wazee. Januari 2021 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kasoro ndani ya sudo yenyewe. Ilikuwa imekaa humo tangu Julai 2011. Mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine, hata kama hayuko kwenye orodha ya sudo, angeweza kuwa root bila paswadi yoyote. Wakaipa jina Baron Samedit. Mwaka uliofuata, Januari 2022, haohao wakatoa nyingine kwenye pkexec, ndugu yake sudo, na hiyo ilikuwemo tangu toleo la kwanza la 2009. Miaka 12. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima kuusoma wakati wote huo.

Kwa hivyo siku hizi kuna kambi inayosema hiyo s iondolewe kabisa. Android imeshaenda njia hiyo. Kwenye simu yako kila aplikesheni ni kama mtumiaji tofauti mwenye namba yake, ndiyo maana gemu uliyopakua jana haiwezi kufungua faili za aplikesheni ya benki. Wale mliokuwa mnafanya simu zenu root miaka ile mnakumbuka: sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuingiza su yenye hiyo s kwenye mfumo. Tangu Android 4.3, mwaka 2013, aplikesheni haiwezi tena kupanda cheo kwa njia hiyo. Kwa Linux ya kawaida, mwaka 2024 systemd ilileta run0, ambayo haina s. Badala ya programu yako kugeuka kuwa root, inamwomba msimamizi wa mfumo, ambaye tayari ni root, afanye kazi hiyo huko upande wake. Ubuntu nao mwaka 2025, toleo la 25.10, waliweka sudo mpya iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust, kwa sababu aina ya kasoro kama ile ya 2011 ni ngumu kutokea kwa lugha hiyo.

Mimi niko upande wa run0, kama mtaniuliza. Kumgeuza mtu kuwa mkubwa halafu kutumaini atakuwa mpole, hiyo naona ilikuwa nzuri enzi ambapo kila mtu kwenye mashine alijuana kwa jina. Lakini chochote kitakachokuja, mradi yale majina mawili yabaki, la mwenye nguvu na la aliyebonyeza. Hilo ndilo nataka kwa simu ya shosho pia. Aniruhusu kununua tokeni za stima, si zaidi ya mia mbili, mara mbili kwa mwezi, na ujumbe ukija useme ni mjukuu amenunua. Watu wa gemu waliweza hilo mwaka 1971 wakiwa na mashine ambayo haifikii robo ya nguvu za simu ya kabambe, na sisi bado tunanong'onezana PIN kwa kaunta.

Ukitaka kujua zako ni ngapi, andika sudo find / -xdev -perm -4000 usubiri kidogo. Kila jina litakalotoka ni programu inayoweza kuamka kama mtu mwingine bila kukuuliza paswadi yake. Kwangu zimetoka 14. Mbili sijui ni za nini, na usiku wa leo ndiyo kazi yangu.